Macho ya Watoto Wetu na Kazi ya Darasani

Hotuba iliyosomwa mbele ya Wanachama katika mkutano wa kawaida, nayo yapigwa chapa hapa kwa ajili ya ndugu wa wilayani ambao hawakuweza kufika.



Tumeagizwa na Kamati tuseme neno juu ya elimu ya watoto. Jambo hili ni pana, na wenzetu waliotutangulia wamekwisha kulisema kwa upande wa walimu, wa vitabu na wa madawati. Sisi tumechagua upande mmoja mdogo ambao hatujausikia ukitajwa katika mikutano yetu, nao ni macho ya mtoto mwenyewe. Hatusemi kama waganga, maana sisi ni makarani. Twasema kama wazazi, na kama watu ambao riziki yao hupita machoni kila siku, tangu jalada la kwanza la asubuhi hata barua ya mwisho ya jioni. Mambo ya kitaalamu tutakayoyataja tumeyasoma katika maandishi ya wataalamu, na pale tulipokwama tumewauliza wanaojua.

Mtu mzima akipungukiwa na nuru ya macho hutambua upesi, kwa kuwa akumbuka alivyoona zamani. Karani aliyetimiza miaka 45 huisogeza karatasi mbali kidogo kidogo, hata mkono wake ukawa mfupi, ndipo aendapo kutafuta miwani, nasi humcheka kwa upole. (Twaona baadhi ya wazee wetu hapa mbele wameanza kupapasa mifuko. Haya, tuendelee.) Lakini mtoto hana zamani ya kulinganisha. Yule ambaye macho yake huona karibu tu hudhani kwamba ndivyo ulimwengu ulivyoumbwa: mti kwa mbali ni fungu la kijani lisilo na majani moja moja, uso wa mtu ng'ambo ya barabara hauna pua wala macho, na ubao wa darasani ni kitu cheusi chenye ukungu mweupe juu yake. Akiwaona wenzake wakiusoma ukungu ule, hasemi moyoni, “Macho yao ni mazuri kuliko yangu.” Husema, “Wenzangu wana akili.” Hawezi kushtaki upungufu asioujua kuwa ni upungufu, na hapo ndipo ilipo hatari yenyewe. Sisi wazazi twangoja mtoto alalamike, naye hatalalamika kamwe.

Tazameni basi yanayompata. Darasa lina watoto wengi, na mwalimu ni mmoja. Mtoto huyu huchelewa kunakili, kwa hiyo huchungulia daftari la jirani. Akionekana, huitwa mwizi wa majibu. Huyakaza macho na kukunja uso, naye huambiwa ana kiburi. Huchoka, akaanza kucheza na kalamu, na sasa ni mtundu. Mwisho wa muhula huja karatasi ya maendeleo iliyoandikwa kwamba hana bidii, na baba yake, ambaye labda ni mmoja wetu, huisoma jioni akiwa amechoka, akamwita mtoto mbele yake. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Methali hii ni njema mahali pake, lakini darasani imewaumiza watoto wengi, kwa sababu wapo wenye macho ambao hawana budi kuulizwa waonavyo.

Tulikuwa na mwenzetu mmoja katika shule ya sekondari ya misheni, ambayo hatutaitaja kwa jina, wala yeye hatutamtaja. Alikuwa mrefu, na kwa desturi ya shule ile warefu waliketi nyuma ili wasiwazibe wafupi. Katika masomo ya kusikiliza alikuwa wa mbele: ukimhadithia habari mara moja, atakurudishia yote bila kuacha neno. Katika hesabu, ambazo mwalimu aliziandika ubaoni na kuzifuta baada ya dakika chache, alikuwa wa mwisho. Aliadhibiwa mara nyingi kwa kunakili kazi ya wengine, na kwa kweli alikuwa akinakili, maana hakuwa na njia nyingine ya kujua swali lilikuwa nini. Akaondoka kabla ya kumaliza Kidato cha Pili. Akiwa na umri wa miaka 24 alitaka leseni ya udereva, akapelekwa kupimwa macho, na yule mpimaji akamwuliza alifikaje pale peke yake. Alipovaa miwani kwa mara ya kwanza alistaajabu kuona nyaya za umeme juu ya nguzo. Alijua zipo, lakini hakujua kwamba mtu huweza kuziona akiwa chini. Sasa ni mtu mzima mwenye kazi yake, wala hana kinyongo. Lakini Kidato cha Pili hakikurudi.

Yafaa tueleze kwa ufupi jinsi jambo hili linavyotokea. Jicho la mtu lina kioo cha maji mbele yake, na nyuma kabisa lina utando mwembamba unaopokea sura ya kitu, mfano wa pazia la senema. Sura ikianguka barabara juu ya utando, mtu huona vizuri. Mboni ya jicho ikirefuka kupita kiasi, sura ya kitu cha mbali huanguka mbele ya utando, kwa hiyo mtoto huyo husoma kitabu kilicho mkononi bila taabu, lakini ubao haumsaidii. Aghalabu kasoro hii huanza au huzidi katika miaka ya shule, mwili unapokua, ndiyo maana mtoto aliyekuwa wa tatu katika Darasa la Nne aweza kuwa wa thelathini katika Darasa la Saba, na watu wakasema amerogwa au amepata marafiki wabaya.

Mboni ikiwa fupi huwa kinyume chake. Mtoto huona mbali, na hata karibu huona kwa kulikaza jicho, lakini akisoma kitabu kwa nusu saa kichwa humwuma na mistari hucheza. Huyu hujificha zaidi kuliko yule wa kwanza, kwa sababu akipimwa kwa herufi za mbali hufaulu. Alama yake ni kuchukia kitabu. Wako pia wale ambao uso wa jicho lao haukulingana upindo wake, nao huona herufi zimevutwa upande mmoja, kwa mbali na kwa karibu pia. Kasoro zote hizi tatu dawa yake ni kioo kilichokatwa kwa kipimo, yaani miwani, kitu ambacho wanadamu wamekuwa nacho tangu karne ya 13.

Lakini iko kasoro ya nne isiyotusubiri. Ikiwa jicho moja la mtoto mdogo laona vizuri na la pili laona vibaya, au limeingia makengeza, ubongo hulitegemea lile zuri na kuliacha la pili bila kazi. Jicho lile huwa vivu. Lenyewe si bovu, ila ubongo haukujifunza kulitumia. Wataalamu hulitibu kwa miwani na kwa kuliziba jicho zuri kwa saa kadha kila siku ili lile vivu lilazimike kufanya kazi. Tiba hii hufaa sana kabla ya miaka 7 au 8. Baada ya hapo faida yake hupungua mwaka hata mwaka. Kwa hiyo mzazi anayesema makengeza yatajinyosha yenyewe mtoto akikua, huyo anangoja mpaka mlango ufungwe. Tena mtoto mwenye jicho moja vivu hasumbuki hata kidogo, maana lile jingine lamtosha. Hagunduliwi ila kwa kumziba jicho moja moja na kumpima.

Labda wengine watasema haya ni mambo ya Ulaya. La. Katika Mji wa Mwanza walipimwa wanafunzi wa sekondari 2,511, na matokeo yake yalitangazwa mwaka 2002. Kama wanafunzi 6 katika kila 100 walikuwa na kasoro kubwa ya macho, karibu wote wakiwa ni wasioona mbali, na katika hao wenye kasoro hata theluthi moja hawakuwa wakivaa miwani. Katika shule za msingi za mashamba idadi ilikuwa ndogo zaidi. Hatusemi basi kwamba kila mtoto anayeshindwa ana macho mabovu. Twasema kwamba katika darasa la watoto 50 wa mjini yamkini wako wawili au watatu, nao hawajulikani.

Habari ya pili ni ya Dar es Salaam, nayo ilitufikirisha zaidi. Wanafunzi wa kidato cha kwanza katika shule 37 za sekondari walipimwa, na waliohitaji miwani waligawanywa mafungu mawili: fungu moja walipewa miwani bure, la pili walipewa karatasi ya vipimo ili wazazi wakanunue. Baada ya miezi mitatu wapimaji walirudi ghafula. Katika wale wenye karatasi, walioonekana na miwani shuleni walikuwa 26 katika kila 100. Katika wale waliopewa bure walikuwa 47. Habari hii ilitolewa mwaka 2008. Twasoma humo kwamba fedha ni kizuizi kweli, kwa kuwa idadi karibu iliongezeka maradufu palipokuwa hakuna gharama. Lakini twasoma pia kwamba zaidi ya nusu ya watoto waliopewa miwani bila senti moja waliiacha nyumbani. Kwa nini? Walipoulizwa, walitaja kuchekwa na wenzao, na hofu kwamba miwani hudhuru macho, na wazazi wasiowatia moyo.

Juu ya kuchekwa, sisi watu wazima tuna sehemu yetu. Nani aliyewafundisha watoto kumwita mwenzao “macho manne”? Na binti akivaa miwani, shangazi zake huanza kunong'ona kwamba atapata taabu ya kuolewa, kana kwamba mwanamume atafutaye mke amekuja kununua ng'ombe. Karani akivaa miwani huonekana msomi. Bintiye akivaa huonekana mgonjwa. Hatuoni hoja yoyote katika jambo hili, wala hatutapoteza wino zaidi juu yake.

Juu ya hofu ya pili, kwamba miwani huyafanya macho yazoee na kudhoofika, tumeisikia hata kutoka kwa watu waliosoma sana. Katika nchi ya China hofu hiyo ni kubwa kuliko kwetu, na jambo hilo lilipimwa huko kwa taratibu nzuri. Walichukuliwa watoto wa shule 252 za msingi katika mikoa ya Gansu na Shaanxi, wasioona mbali, na baadhi ya shule zikapewa miwani bure, nyingine zikangoja. Mwisho wa mwaka wa masomo, watoto wa shule zilizopewa miwani walipata alama bora zaidi katika hesabu kuliko wenzao, ingawa si wote walioivaa kama walivyoagizwa. Habari hii ilitoka mwaka 2014. Macho ya watoto hao yalipopimwa tena bila miwani, hayakuonekana yamedhoofika kuliko ya wale waliokosa. Mtoto akiivua miwani na kulalamika kwamba sasa haoni, si kwamba macho yameharibika, bali sasa amejua kuona ni nini.

Tukiwa bado China, liko jambo moja jingine. Mjini Guangzhou shule kadha za msingi ziliongezewa dakika 40 za michezo ya nje kila siku. Baada ya miaka mitatu, walioanza kutoona mbali katika shule hizo walikuwa kama 30 katika kila 100, na katika shule nyingine karibu 40. Inaonekana mwanga wa mchana hulisaidia jicho lisirefuke kupita kiasi. Habari hii ni ya mwaka 2015. Wazazi wa mjini wanaowafungia watoto ndani na masomo ya ziada tangu alasiri hata usiku, na kisha simu mkononi hadi walale, wangefanya vema kuitafakari. Mtoto anayecheza mpira hadi magharibi hapotezi wakati wote.

Kwa ndugu wa wilayani yako magonjwa ambayo sisi wa mjini tumeanza kuyasahau. Vikope, ambao waganga huuita trakoma, huenezwa kwa mikono, vitambaa na nzi, na huanzia kwa watoto wenye nyuso chafu. Huko Kongwa, karibu na Dodoma, ilionyeshwa mwaka 1995 kwamba vijiji vilivyopewa dawa pamoja na mafundisho ya kunawa uso vilipungukiwa na vikope vikali kuliko vile vilivyopewa dawa peke yake. Maji ya kikombe kimoja yatosha uso wa mtoto. Na mtoto mdogo anayejikwaa giza linapoingia, hali wenzake bado wanakimbia, apelekwe zahanati upesi, maana hiyo ni dalili ya kupungukiwa na vitamini A. Akipatwa na surua katika hali hiyo, aweza kupofuka kwa siku chache. Mchicha, maembe, mapapai, maini na viazi vitamu vya rangi ya chungwa vyamkinga. Dawa za majani na maziwa yanayotiwa machoni tungeomba ziachwe kabisa.

Hatupendi kuwapita watoto wenye ualbino. Watu husema wanaumizwa na jua tu, wakawapa kofia na kuona kazi imekwisha. Kumbe macho yao yenyewe hayakukamilika kuumbika kule nyuma ya jicho, na mara nyingi hucheza bila kutulia. Miwani huwasaidia lakini haiwafikishi kuona kama wengine. Mtoto huyu apewe nafasi ya mbele mbali na dirisha lenye mwanga mkali, aruhusiwe kuinuka na kuusogelea ubao bila kuomba, na mtihani wake upigwe chapa kwa herufi kubwa. Hakuna hata moja katika haya linalohitaji fedha ya Hazina. Akili zake hazina upungufu wowote, na walioketishwa mahali pafaapo wamefika vyuo vikuu na Bunge.

Yatupasa kusema pia lisilo la macho, tusije tukawadanganya watu. Mtoto mwenye njaa hasomi hata apewe miwani ya dhahabu. Wako wengine ambao macho yao ni mazima kabisa, lakini ubongo wao hupata taabu kuunganisha herufi na sauti. Hao wahitaji mwalimu mvumilivu na mafundisho ya namna yao, wala wasiuziwe miwani na wachuuzi. Kazi ya kupima macho ni kuiondoa sababu moja. Lakini ni sababu inayopimika kwa dakika tano, na kwa watoto wengi kuondolewa kwake siku ileile, jambo ambalo hatuwezi kulisema juu ya njaa.

Sasa juu ya kupima. Mwaka 1862 mganga wa macho wa Utrecht katika Uholanzi, Herman Snellen, alitoa ubao wa herufi zinazopungua ukubwa, na hadi leo ubao wa namna hiyo watumika duniani kote. Kwa watoto wasiojua kusoma hutumika herufi E iliyogeuzwa pande nne, na mtoto huonyesha kwa vidole vitatu miguu yake inaelekea wapi. Si lazima kungoja mtaalamu. Walimu wa vijijini karibu na Mwanza walipofundishwa kazi hii waliwagundua watoto kama 8 katika kila 10 wenye macho mabovu. Na ofisi ya karani haikosi rula. Chora E yenye kimo cha milimeta 17 na nusu, na upana huohuo, kila mguu na kila nafasi iwe milimeta 3 na nusu. Itundike penye mwanga wa kutosha, kwa kimo cha macho ya mtoto, naye asimame mita 6 kutoka hapo. Afunike jicho moja kwa kiganja bila kulibonyeza. Igeuze herufi mara tano. Akikosea mara mbili au zaidi, jicho lile halikufikia kipimo ambacho wapimaji hukiandika 6/12, maana yake aona kwa mita 6 kile ambacho jicho zima huona kwa mita 12. Kisha jicho la pili. Asiyefikia apelekwe kwa mtaalamu katika hospitali ya wilaya au ya mkoa. Wenye kasoro kubwa zaidi hupelekwa Muhimbili au CCBRT kule Dar es Salaam, au KCMC kule Moshi, ambako pia wapimaji wa macho husomeshwa.

Mwenye maumivu ya kichwa akisoma, au makengeza, au mboni yenye weupe, apelekwe hata akifaulu kipimo hiki.

Pendekezo letu mbele ya Kamati ni matatu. Kila tawi litoe wanachama wawili waende katika shule ya msingi iliyo karibu, kwa ruhusa ya Mwalimu Mkuu, wapime Darasa la Kwanza na Darasa la Tano kila mwezi wa pili wa mwaka. Mtunza Fedha afungue hesabu ndogo ya miwani, kila mwanachama achangie kwa hiari, na mtoto wa mjane au wa tarishi atangulizwe. Na mwanachama atakayeletewa karatasi ya maendeleo mbaya amsimamishe mtoto mita 6 kabla ya kumwuliza swali lolote.

Herufi ya mfano imechorwa katika ukurasa wa mwisho wa gazeti hili. Lakini wino wa stensili huvimba, kwa hiyo ipimeni kwa rula kabla ya kuitumia, na ikizidi milimeta 18 chorani nyingine. Kwa walio hapa leo, ubao umetundikwa karibu na mlango wa mashariki na kamba ya mita 6 imelazwa chini. Watoto waliokuja na wazazi wao waanze kupanga mstari, wadogo mbele.